Kocha wa Kiwanja cha Bure

Kiwanja cha bure Juba kina sababu ya kuwa cha bure. Kocha alikuwa akikutajia sababu hiyo kabla hujagusa upinde, kabla hata hajauliza unaitwa nani. Anakushika kiwiko, anakutembeza mpaka kwenye mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, anasimama.

"Hapa ndiyo mwisho ya dunia," anasema. "Mshale ikipita hapa, hiyo ni ya Mungu. Wewe hapana fuata."

Ng'ambo ya mawe palikuwa na nyasi tu. Nyasi ndefu, nzuri, za kuezekea, na miti michache ambayo hakuna aliyeikata kwa kuni, na ukiona mti mzima karibu na mtaa wa New Site, usiopoteza hata tawi kwa shoka, basi ujue kuna jambo. Jambo lenyewe lilikuwa bomu la ardhini, la vita vya zamani. Mke wa Kocha aliingia humo na mundu mwaka waliorudi kutoka Uganda, akitafuta nyasi za paa la nyumba yao ya kwanza ya kurudi nyumbani. Hakutoka. Habari hiyo niliipata kwa majirani. Kocha mwenyewe, ikimlazimu, alikuwa akisema "mtu yangu", na kidole kikielekea kule, halafu anabadilisha mazungumzo na kuanza kukukaripia kwa jinsi unavyosimama.

Alikuwa amezunguka ofisi zote zenye bendera mlangoni. Kila ofisi ilimwambia eneo hilo linajulikana, liko kwenye mpango, watu wa kutegua mabomu watafika. Hakuna aliyefika. Ndipo akachukua chokaa, akapanga mawe. Na kwa kuwa mawe hayana mdomo, akaamua kuweka watu karibu nayo kila Jumamosi asubuhi, watu wenye macho, wanaotazama upande ule muda wote. Alikuwa anataka kitu kimoja: asife mtu mwingine mle. Mambo ya upinde, shabaha na mashindano tuliyoyaota yalikuwa yamekaa juu ya hicho kitu kimoja, kama sufuria juu ya mafiga.

Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Nilidhani mzee amepata uwanja wa bure na ukuta wa bure nyuma ya shabaha, maana hakuna mpita njia atakayechomwa na mshale uliokosa. Kibiashara nilimsifu.

Tulijuana kwa bei. Mimi ni Mkenya, nauza mitumba soko la Custom, hasa viatu na vitu vya michezo. Siku moja nikafungua belo lililoandikwa "mchanganyiko", na katikati ya magongo na raketi zisizo na nyuzi nikakuta mti uliopinda huku na kupinda kule, ncha zake zimerudi mbele kama midomo ya bata. Nikautundika juu, mahali pa vitu ambavyo sijui ni nini. Kitu usichokijua unakipa bei kubwa, mteja atakuonyesha kwa uso wake kama umekosea.

Uso wa Kocha haukuonyesha kitu. Aliushusha, akafumba jicho moja, akatazama kutoka ncha moja mpaka nyingine kama fundi anayekagua mbao. Akapitisha ukucha pembeni akitafuta ufa. Akaugeuza, akarudia.

"Hii bawa ya chini imepinda kidogo kwa upande," akasema. "Na ugwe hakuna."

"Ugwe ni nini, mzee?"

"Kamba yake. Mama, wewe nauza upinde bila kamba. Hiyo ni kuuza gari bila usukani."

"Ndiyo maana bei ni ya kirafiki."

"Rafiki ya nani?"

Tulivutana mpaka jirani yangu, muuza sufuria, akaleta kiti akae asikilize. Kocha hakuapa, hakusema ana watoto wanaolia njaa, hakujifanya kuondoka. Alikuwa anataja kasoro moja baada ya nyingine, zote za kweli, na kila kasoro ilikuwa inanishusha. Mwishoni nikaona niuze kabla hajapata nyingine. Alipolipa akaniambia, "Bawa nitanyoosha na mvuke. Kwesi, iko sawa. Upinde mzuri sana." Hilo la mwisho alilihifadhi mpaka nimeshakunja noti. Nikajua huyu ni mtu wa kuheshimiwa.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kuona kama kweli kile kijiti kinarusha kitu. Nikabaki misimu miwili.

Alijifunzia wapi? "Uganda," alikuwa akijibu, kama kwamba nchi nzima ilimsimamia. Mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba alikuwa mlinzi wa shule fulani huko, na mwalimu mmoja wa michezo alimwachia pinde za kutunza. Mwingine alisema ni kambini. Sikuuliza mara ya pili.

Kuanza mchezo ule mahali pengine, naambiwa, mtu anaingia dukani na kutoka amebeba begi. Sisi tulianza na jalala. Mishale ilikuwa mianzi ya kujengea, ile myembamba, aliyoichagua fimbo moja moja huku muuzaji akimtukana, kisha akainyoosha juu ya jiko la mkaa. Nyuma ilifungwa manyoya ya wale korongo wakubwa wenye upara wanaosimama jalalani kama mahakimu wanaosubiri kesi. Wanaangusha manyoya na hawadai kitu. Mbele, msumari uliokatwa kichwa. Ugwe alisokota kwa uzi wa kushonea viatu, akaupaka nta ya nyuki. Uzi huo ulitoka kwangu, na nilimwuzia kwa bei ya jumla, jambo ambalo sijawahi kumwambia mume wangu. Kinga ya mkono ilikuwa shingo ya gambuti. Kipande cha kulinda vidole kilikuwa ulimi wa kiatu cha ngozi. Shabaha ilikuwa magunia yaliyoshindiliwa nguo zangu zisizouzika, na alitufanya tupande juu na kuyakanyaga mpaka yakawa magumu kama godoro la lojingi.

"Pesa yako weka kwa mshale," alikuwa akisema. "Upinde mbaya na mshale sawasawa, utapiga. Upinde ya malkia na mshale ovyo, utapiga mbuzi ya watu."

Mimi nilianza kwa kosa la kibiashara. Zilikuwepo pinde mbili za wanafunzi, moja laini na moja ngumu, na ada ilikuwa ileile. Mtu mwenye akili timamu, ada ikiwa ileile, anachukua yenye nguvu zaidi. Kocha alisema chukua laini. Nikaona ananibania. Nilivuta ile ngumu asubuhi nzima, nikitetemeka kama jenereta, mshale hauendi ninakotazama kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa natazama, nilikuwa nasaga meno. Wiki tatu baadaye bega moja lilikataa kuinuka, nikawa nanyanyua belo kwa mkono mmoja na kumlipa kijana wa mkokoteni anisaidie.

"Bega namna gani?" Kocha akauliza.

"Bega liko."

"Iko wapi?"

Nikachukua laini. "Upinde hapana mnyororo ya kuvuta gari," akaniambia, akinipigapiga mgongoni katikati ya mabega. "Vuta na hapa. Mkono nashika tu. Hapa ndiyo nafanya kazi."

Aliweza kukuvumilia ukikosa gunia mwezi mzima. Hakuweza kuvumilia uvute ugwe na kuuachia bila mshale. Upinde ukiachiwa mtupu, nguvu yote inarudi kwenye mbao, na mbao inapasuka. Mwenye kosa hilo alibeba upinde kifuani asubuhi nzima bila kupiga hata mara moja, kama mtoto mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kuna karani mmoja wa benki, Mkenya mwenzangu, kijana mtanashati, aliyefanya hivyo na kisha, akicheka, akamwelekezea rafiki yake mshale kwa mzaha. Kocha alimnyang'anya upinde, akamwonyesha barabara. Yule kijana alirudi mara mbili kuomba radhi, mara ya pili na soda kreti nzima. Soda tulikunywa. Yeye hakurudishwa.

"Kocha, kijana ameomba msamaha," nikasema.

"Nimesamehe. Lakini hapana rudi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kanisani alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya matangazo kwa sababu matangazo, alisema, ni ya sokoni. Alikuwa mkali kwa mishale kiasi kwamba akiona unyoya mmoja umelegea anakushughulikia kama umemvunjia gari, na mimi, kwa sababu ya kazi yangu, nilipewa cheo cha kuhesabu mishale kabla na baada ya kila duru. Nilihesabu mara mbili. Si kwa sifa. Mshale mmoja ukipungua, alikuwa anataka kujua uko wapi kabla mtu yeyote hajapiga hatua.

Maana mishale ilipita. Ukianza, inapita. Inaruka juu ya gunia, inavuka mawe, inazama kwenye nyasi, na unaona unyoya wake unapepea pale, karibu kabisa, hatua chache tu, mali yako kabisa. Hapo ndipo desturi yake ilipoanza. Sote tulitakiwa kusema kwa sauti, pamoja, "Malesh!" yaani pole, yamekwisha. Kisha aliyeupoteza analaza upinde chini na kuketi kwenye mchanga mpaka duru iishe. Hata awe mama mzima amevaa gauni la kutokea harusini.

"Mbona nikae?" nilimwuliza mara yangu ya kwanza, nikipangusa vumbi la kiti ambacho hakikuwepo.

"Mguu isahau. Macho naona mshale, mguu nataka kwenda. Kaa, mguu itasahau."

Nilikaa. Na kusema kweli niliona miguu yangu inataka kwenda. Mtu akishatengeneza kitu kwa mikono yake na kuchomwa vidole na mkaa, hawezi kukiangalia kimesimama kwenye nyasi bila kupiga mahesabu. Kocha alikuwa amelijua hilo kabla yangu.

Halafu mawe yakaanza kuondoka.

Mji ulikuwa umetufikia. Madalali wa viwanja walikuja katikati ya juma, wakachukua mawe ya chokaa, wakayapeleka ndani ya nyasi na kuyapanga pembe nne nne, kuonyesha mipaka ya ploti. Yaani walichukua alama ya kifo wakauzia ardhi. Nimeona mengi Custom, nimeuziwa hata viatu viwili vya mguu wa kushoto, lakini hapo nilivua kofia. Kocha alileta mawe mengine. Yakaenda. Akaleta tena. Akaenda kwa mkuu wa mtaa. Mkuu wa mtaa akamwambia atalishughulikia, na majirani wakasema naye amepata ploti mbili mle.

Jumamosi moja tukamkuta amechukua mishale mizuri ya klabu, ameifunga vitambaa vyekundu, anaipigilia ardhini mmoja mmoja mahali pa mawe.

"Kocha," nikasema, "hiyo ni mishale mizima. Chukua vijiti."

"Vijiti watu nachukua kuni."

"Na mishale pia watachukua. Hiyo ni kazi ya miezi, Kocha. Tutapiga na nini?"

Akanyanyuka, akashika kiuno. "Mama, wewe najua bei yote. Mguu moja kule Custom ni ngapi?"

Nikachukua nyundo nikamsaidia.

Watu wakapungua. Bila mishale hakuna upinde, na bila mawe hakuna anayejua aishie wapi. Tulibaki wanne, tukipokezana mishale sita.

Yule mama alikuja Jumamosi asubuhi, jua bado halijakaza. Alikuwa amebeba jembe begani na mundu mkononi, mtoto hakuwa naye, namshukuru Mungu kwa hilo. Baadaye tulijua ni mrejea pia, miaka mingi Uganda, na yeye na mumewe walikuwa wameuza ng'ombe wao kununua ploti ile. Alitupita bila salamu, akaruka mstari wa vitambaa vyekundu kama mtu anayeruka mfereji.

"Wogif!" Kocha akapiga kelele. "Mama, simama! Huko iko bomu!"

Mama akageuka bila kusimama. "Bomu ni wewe! Wamenieleza juu yako, mzee mwizi. Wewe nataka ploti ya watu, natisha watu na bomu!"

"Mama, rudi! Mtu yangu alikufa hapo!"

"Na mimi itakufa juu ya ardhi yangu. Wacha!"

Akaendelea. Nyasi zilimfika kiunoni. Sisi wengine tulikuwa tunapiga kelele kwa lugha zote tulizokuwa nazo. Nikamwona Kocha amechukua upinde wake. Nikaona mshale umekaa kwenye ugwe. Yule mtu aliyemfukuza kijana wa benki kwa sababu ya mzaha tu alivuta mpaka kona ya mdomo, akatulia vile alivyotufundisha kutulia, na kuuachia mshale kuelekea kwa mwanamke aliye hai.

Mshale ulichomeka mbele yake, mbele kabisa ya vidole vya miguu. Mama akaganda. Akatazama chini, kisha akatutazama sisi. Mayowe yake nadhani yalifika mpaka Rejaf, nje ya mji.

"Sasa hapana ongeza hata mguu moja," Kocha akamwambia, kwa sauti ya chini ambayo sijui ilimfikaje. "Rudi na nyayo yako. Ileile ulikuja nayo. Polepole. Angalia chini."

Alirudi analia, akikanyaga alipokanyaga, na Kocha akimwongoza kwa mkono, kulia, kushoto, ngoja. Alipovuka vitambaa, alimzaba Kocha kofi. Kocha akalipokea. Akaweka upinde chini, akaketi kwenye mchanga.

Polisi walimkuta ameketi hapohapo. Kumpiga mtu mshale ni kesi, hata ukimkosa kwa makusudi, na uthibitishe vipi kwamba ulikosa kwa makusudi? Nilijaribu. Nilimweleza yule ofisa kwamba mzee huyu angetaka kumpata angempata, na nilipomaliza kusema nikaona sijamsaidia. Walichukua pinde zote, hata ile laini ya wanafunzi. Kocha alilala ndani siku kadhaa. Nilimpelekea chai na mandazi, akala mandazi mawili akawapa wenzake mengine, akaniuliza jambo moja tu: "Mama yule ameingia tena?"

"Hajaingia. Amekwenda kushitaki kwa wakubwa."

"Kwesi. Ashitaki sana."

Alishitaki kweli. Shemeji yake alikuwa na cheo, na alipopiga kelele kwamba ameuziwa ploti yenye bomu, ile kazi ambayo Kocha aliizungukia ofisi kwa miaka ikafanyika ndani ya mwezi mmoja. Watu wa kutegua mabomu walikuja na magari meupe, na mavazi mazito, na mashine zinazolia. Walifyeka ile nyasi yote. Walipima mraba kwa mraba, wakipiga magoti kwenye jua. Kesi ya Kocha ilizimika taratibu, kwa maneno na kwa kitu kidogo nilichokipunguza mpaka mwenye kudai akachoka. Pinde hazikurudi. Ukiuliza, kila mtu pale kituoni anakwambia zimo stoo, na mwenye ufunguo amesafiri.

Klabu ikafa hivyo. Mimi nikarudi kwenye viatu vyangu.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa nimekwenda New Site kumtafuta mteja anayenikwepa, nikamkuta Kocha amesimama kando ya kile kiwanja chetu, mikono nyuma, amekonda. Kiwanja nilikitambua kwa sababu yake tu. Kuna nyumba za mabati, kioski, kamba za nguo. Mabinti wanaruka kamba mahali ambapo gunia letu lilikuwa linakaa, na zaidi ya hapo, ndani kabisa, mwanaume anachimba choo.

"Mama Custom," akasema. "Bega?"

"Bega liko, Kocha. Na wewe?"

"Mimi nipo."

Tukasimama. Nikaona niseme jambo la heri. "Waliitoa basi. Wamesafisha. Umeona? Kazi yako imefika mwisho mzuri."

"Nilikuwa nakaa hapa kila siku wakifanya kazi," akasema. "Nilikuwa nauliza kila jioni, mmepata? Wananipenda, wananiambia. Walipata kopo ya nyama. Walipata misumari, na mnyororo ya baiskeli. Siku ya mwisho mkubwa yao akanishika mkono, akasema, mzee, shukuru Mungu, hakuna kitu."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna." Akatazama wale mabinti. "Ilikuwa moja tu, mama. Kiwanja yote hii, mtu aliweka moja tu. Na yeye akaenda kukanyaga hiyo."

 

Mlango wa nyumba moja ya mabati ukafunguliwa, kule ng'ambo, na yule mama mwenye jembe akatokea, mnene kuliko siku ile, kitoto mgongoni. Akatuona. Akakinga jua kwa kiganja. "Mzee!" akaita. "Njoo kunywa maji! Na mgeni wako, njoo!"

"Twende," nikamwambia Kocha. "Anakuita."

"Nenda. Mimi nakuja."

Nikakata katikati, maana ndiyo njia fupi, udongo umekanyagwa mpaka umeng'aa. Nikapita mabinti, nikapita kamba za nguo. Nilipogeuka kumwambia kitu, hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ameshika barabara, ile inayozunguka mpaka kwenye msikiti na kurudi, jua lote la saa saba kichwani mwake.

Yule mama alinipa kikombe cha kwanza. Cha pili akakishika mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Huja hivyo kila mara, kwa barabara," akasema. "Mimi hapana mwambia kitu. Nasubiri tu."

Tukasubiri.